Dhifa ya Dansi la Kiskoti: Maandalizi ya Mgeni Kutoka Sekenke

Dhifa ya dansi la Kiskoti ni jioni rasmi ya chakula, muziki wa kodiani na fidla, na madansi ya makundi ambayo kila aliyealikwa hutarajiwa kuyacheza. Haifanani na muziki wa dansi wa baa au wa harusi, ambako mtu huinuka akipenda na kuyumba apendavyo. Hapa kila dansi lina ramani yake: nani aanze, apite upande gani, afike wapi, na kwa hesabu ngapi za muziki. Katika Afrika Mashariki dhifa inayojulikana zaidi ni ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa Uskoti, ambaye sikukuu yake ni Novemba 30. Nairobi huandaliwa na Caledonian Society of Kenya, na Dar es Salaam nako Waskoti wamekuwa na chama chao. Jioni nyingine huangukia karibu na Januari 25, siku aliyozaliwa mshairi Robert Burns mwaka 1759.

Mwaliko unaweza kumfikia mtu wa Sekenke, huko Iramba mkoani Singida, kupitia kazi ya mgodini, shule, hospitali ya misheni au rafiki aliyepo Dar es Salaam. Sekenke yenyewe imepitiwa na wageni tangu Wajerumani walipochimba dhahabu hapo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Dhahabu hiyo ndiyo iliyofuliwa Tabora mwaka 1916 kuwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Na muziki wa Kiskoti umeshachezwa sana na watu wa huku. Enzi za ngoma ya beni, Mombasa ilikuwa na chama kilichoitwa Scotchi, ambacho wachezaji wake walivaa kama askari wa Kiskoti. Ukikuyuni, mwomboko, dansi la jozi linalokwenda na kodiani na karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa, ulichipuka kutokana na madansi ya Wazungu. Hata Mwalimu Nyerere alisoma Uskoti, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, kuanzia 1949 hadi 1952. Mwalikwa hana sababu ya kuingia ukumbini akijikunyata.

Kundi linavyokwenda

Wageni wengi huogopa hatua za miguu. Miguu ya Kiskoti ina uzuri wake, lakini mtu akiikosea hakuna anayeumia. Akikosea nafasi, wenzake saba hukwama. Kwa hiyo kinachopaswa kueleweka kwanza ni kundi.

Kundi la kawaida lina jozi nne, yaani watu wanane, wamesimama mistari miwili inayotazamana. Wanaume wako mstari mmoja na bega la kushoto limeelekea bendi. Wanawake wako mstari wa pili, kila mmoja akimtazama mwenzi wake. Upande wa bendi ndio juu, na upande wa pili ni chini. Jozi iliyo karibu na bendi ni ya kwanza, inayofuata ni ya pili, hadi ya nne. Wanaume wakiwa wachache, wanawake wawili hucheza pamoja na mmoja hushika upande wa wanaume. Hilo ni jambo la kila siku na halina aibu.

Muziki hukatwa vipande vya hesabu nane nane, na dansi moja huwa na vipande vinne, jumla 32. Katika kila kipande kundi hukamilisha umbo moja. Jozi ya kwanza hucheza dansi lote mara moja ikiwa juu, hurudia mara ya pili ikiwa imeshuka nafasi moja, kisha hutelemka hadi mwisho wa kundi, na jozi mpya iliyofika juu huanza. Muziki ukirudiwa mara nane, kila jozi inakuwa imeongoza mara mbili. Mpango huu una faida kubwa kwa anayeanza: akisimama jozi ya tatu au ya nne, atayaona maumbo yote yakichezwa mara kadhaa kabla ya zamu yake.

Aina za muziki ni tatu. Rili na jigi ni za kasi, na humaliza dansi kwa takriban dakika nne na nusu. Strathspey ni ya polepole, ya madaha, na huchukua muda mrefu zaidi. Anayetoka maeneo yaliyozoea ushindani wa ngoma wa Wagika na Wagalu wa Usukumani ataishika rili upesi. Sikio lake limeshazoea kundi zima kugeuka kwa pigo moja. Strathspey ndiyo humsumbua, kwa sababu mwili hutaka kukimbia na muziki unamzuia.

> Kisanduku: maumbo ya kuanzia
>
> - *Kumsalimu mwenzi kwa miguu:* mchezaji hubaki papo hapo, hurukia kulia kidogo kisha kushoto, akimtazama mwenzi.
> - *Kuzungushana:* wawili hushikana mkono mmoja au yote miwili, huzunguka na kurudi walipokuwa.
> - *Gurudumu:* watu wanne hukutanisha mikono ya kulia katikati na kuzunguka, kisha hubadili kwa mikono ya kushoto.
> - *Kuteremka nje:* mchezaji hugeukia nje ya mstari wake na kushuka nafasi moja nyuma ya jirani.
> - *Kwenda katikati na kurudi:* jozi hushikana mikono, hushuka kati ya mistari miwili na kupanda tena.
> - *Msuko wa watatu:* watu watatu hupishana kwa njia ya namba nane, kila mmoja akipita njia ileile kwa zamu yake.

Mengine yapo mengi, lakini anayeyamudu haya atacheza sehemu kubwa ya programu ya jioni.

Mazoezi nyumbani

Vyama vingi huweka jioni kadhaa za mazoezi kabla ya dhifa, na anayekaa mjini hana udhuru wa kuzikosa. Anayekaa Sekenke hujitengenezea mazoezi yake. Hakuna vifaa vya gharama vinavyohitajika. Kigumu ni kupata watu wanane wenye subira. Wiki tatu za jioni mbili mbili zinatosha. Mvua za Singida huanza Novemba au Desemba, wakati ambao mashamba hayasubiri, hivyo inafaa mazoezi yamalizike kabla watu hawajashika majembe.

1. Omba programu ya jioni kwa aliyekualika. Huwa na orodha ya madansi kwa majina na mpangilio. Chagua sita tu ya kujifunza.
2. Tafuta watu wanane: vijana wa kwaya, walimu, majirani. Wakipungua, weka kiti mahali pa asiyekuwepo.
3. Chora mistari miwili kwa majivu kwenye uwanja mgumu uliofagiliwa, ukiacha hatua nne kati yake. Weka alama ya juu, palipo na spika.
4. Tembeeni dansi zima bila muziki, mtu mmoja akihesabu kwa sauti moja hadi nane.
5. Wekeni muziki wa simu. Rekodi za Jimmy Shand, mpiga kodiani wa Uskoti aliyefariki mwaka 2000, zina pigo lililo wazi na zinamfaa anayeanza.
6. Badilisheni nafasi: aliyekuwa jozi ya kwanza awe ya nne. Anayelijua dansi kutoka nafasi moja pekee bado hajalijua.

Dansi zuri la kuanzia ni *Dashing White Sergeant*, ambalo ni nadra kukosekana katika dhifa yoyote. Halitumii mistari ya jozi. Watu watatu wakiwa wameshikana mikono hukabiliana na watatu wengine, na makundi hayo ya sita huzunguka ukumbi mzima. Wote sita hushikana duara, huteleza hatua nane kushoto na nane kulia. Kisha aliye katikati ya watatu humgeukia mwenzake wa kulia, humsalimu kwa miguu na kuzungushana naye; halafu hufanya hivyo kwa wa kushoto. Kipande cha tatu ni msuko wa watatu. Cha nne, watatu hao hushikana tena mstari, huwaendea wenzao wanaowakabili na kupiga vishindo vitatu vya miguu, hurudi nyuma wakipiga makofi matatu, kisha husonga mbele tena: upande mmoja huinua mikono kama matao, upande wa pili hupita chini yake. Wanapotokea upande mwingine, watatu wapya wanawasubiri na dansi linaanza upya.

Uzuri wa dansi hili kwa mgeni ni kwamba kila baada ya nusu dakika hivi hukutana na watu wapya, na kosa la mzunguko uliopita huachwa nyuma. Mgeni asikubali kuwa wa katikati mara ya kwanza. Akae pembeni, ashikwe mkono na anayejua.

*Eightsome Reel* nalo huchezwa karibu kila mahali. Jozi nne husimama mraba, na kila mtu, kwa zamu, huingia katikati ya duara peke yake huku wenzake saba wakimzunguka. Ni refu na linachosha, lakini hapo katikati mtu huruhusiwa kucheza miguu yake mwenyewe, na ndipo mtu wa Singida anaweza kuonyesha alichokuja nacho bila kuvunja kanuni yoyote. Anayeona *Reel of the 51st Division* kwenye programu inafaa ajue lilikotoka: lilibuniwa na wanajeshi Waskoti waliotekwa na Wajerumani Saint-Valéry-en-Caux mwaka 1940, wakiwa kambini Laufen, na ndani yake wachezaji huunda msalaba wa Mtakatifu Andrea. Wazee hulicheza kwa heshima, na si vyema kucheka wakati huo.

Mavazi, na hasa viatu

Mwaliko hutaja vazi. Wanaume Waskoti huvaa kilti, sketi ya sufu yenye mikunjo na mistari ya ukoo, pamoja na koti fupi, mkoba wa ngozi kiunoni, na wengine kisu kidogo ndani ya soksi. Mgeni halazimiki kuvaa hivyo, wala si busara kununua kilti ya usiku mmoja. Suti nyeusi na tai ya kipepeo inatosha, na mialiko mingi hukubali vazi la taifa la mgeni. Swali likizuka, huulizwa aliyealika, mapema.

Kwa wanawake, gauni refu la kitenge lililoshonwa na fundi wa Kiomboi au Singida lina hadhi kamili, mradi sharti moja litimizwe: liwe pana kuanzia magotini na liishie kwenye kifundo cha mguu. Gauni la kubana halipigi hatua ya rili, na lenye mkia litakanyagwa kabla dansi la kwanza halijaisha. Fundi aambiwe wazi kwamba ni gauni la kuruka. Anayevaa kilemba akifunge kwa pini.

Fedha ikiwa ndogo, iende kwenye viatu. Wachezaji wazoefu huvaa viatu laini vya ngozi vyenye kamba, vyepesi kama soksi. Badala yake vinafaa viatu vyovyote vya chini, vyepesi, vyenye soli laini isiyoshika sana sakafu. Soli ya mpira mzito hunata na kuumiza goti. Kisigino chembamba hutoboa sakafu ya mbao na hata mguu wa jirani. Kiatu kipya kivaliwe wakati wa mazoezi, ili malengelenge yatokee na kupona kabla ya safari.

> Onyo. Vua bangili nzito, pete zenye ncha na saa kabla ya *Strip the Willow*. Dansi hilo huzungusha watu kwa nguvu, mkono kwa mkono, kwenye mstari mrefu. Shika kiwiko cha mwenzako kwa uthabiti bila kumvuta. Mjamzito, mwenye shinikizo la damu au mwenye tatizo la goti asicheze hilo.

Safari

Basi linalotoka Sekenke kwenda Singida na Dodoma hupanda mlima wenye kona kali na malori mengi, kwa hiyo safari ya mchana ni salama zaidi, hasa mvua zikianza. Tangu 2024 treni ya SGR inaunganisha Dodoma na Dar es Salaam, na mwendo wake wa saa chache humwachia msafiri nguvu. Tiketi ikatwe mapema, na kitambulisho kisisahaulike. Kufika siku moja kabla ni bora kuliko kufika siku ileile: hewa ya Dar es Salaam mwezi Novemba ni nzito na yenye unyevu, na aliyezoea ukavu wa Iramba hutoka jasho maradufu. Anayekwenda Nairobi aangalie hati zake za kusafiria wiki kadhaa kabla.

Jioni yenyewe

Wageni hupokelewa, huketi mezani na kula. Mlo wa sherehe mara nyingi huwa na haggis, ambayo hupikwa kwa maini, moyo na mapafu ya kondoo pamoja na nafaka ya oti na viungo. Mwislamu, au yeyote mwenye mwiko wa chakula, amwarifu mwenyeji anapothibitisha kuhudhuria, maana jikoni hupangwa siku nyingi kabla. Wiski hupitishwa kwa ajili ya kunyanyua bilauri. Maji au soda hunyanyuliwa kwa heshima ileile. Ale kiasi. Tumbo lililojaa haliruki.

Madansi mara nyingi hufunguliwa kwa matembezi ya jozi, zikimfuata mpiga zumari la mfuko kuzunguka ukumbi, kisha jozi huungana kuwa wanne na wanne kuwa wanane. Hakuna cha kukariri hapo: fuata aliye mbele. Baada ya hapo MC hutangaza kila dansi kwa jina lake.

1. Tafuta mwenzi mara dansi linapotangazwa. Mwanamume au mwanamke, yeyote anaweza kuomba. "Naomba tucheze hili" inatosha. Aliyekataa dansi hilo asicheze na mwingine dansi hilohilo.
2. Jiungeni na kundi kutokea chini, mbali na bendi. Kuingia juu au kujipenyeza katikati huharibu hesabu ya watu waliotangulia.
3. Subirini kuhesabiwa. Mkishahesabiwa, msihame. Mkiondoka mnaacha watu sita bila dansi.
4. Mwambie jirani kwamba hili ni jipya kwako. Waskoti wazoefu husaidia kwa kidole na kwa macho, na wengine hupenda kazi hiyo kuliko dansi lenyewe.
5. Muziki ukianza na sauti moja ndefu, mwanamume huinama na mwanamke hukunja magoti kidogo. Hufanywa hivyo tena mwishoni.
6. Ukipotea, usisimame na usirudi ulikotoka. Nenda pale unapopaswa kuwa mwishoni mwa kipande cha hesabu nane na uwasubiri wenzako hapo.
7. Mshukuru mwenzi, mtoe uwanjani, mrudishe alipokuwa amekaa.

Hatua ya sita ndiyo ya kufanyia mazoezi kuliko zote. Kundi zuri humsamehe aliyeruka umbo zima iwapo kipande kinachofuata kitamkuta mahali pake.

Kuna jambo la wanandoa linalohitaji kuzungumzwa nyumbani kabla ya safari. Katika dhifa hizi mtu hutarajiwa kubadili mwenzi karibu kila dansi. Mume na mke wanaocheza wao kwa wao usiku kucha huonekana wanawanyima wengine. Mguso ni wa mikono, macho hutazamana kwa adabu, na dansi likiisha kila mmoja anakwenda zake. Wakikubaliana mapema kwamba watacheza pamoja dansi la kwanza na la mwisho, hakuna atakayelala na kinyongo. Ambaye imani yake haimruhusu kushika mkono wa asiye maharimu anaweza kuketi na kutazama, au kucheza na wa jinsia yake.

> Makosa ya mara kwa mara
>
> - Kutazama miguu badala ya mwenzi. Anayetazama chini hamwoni anayemjia.
> - Kupiga hatua ndefu mno na kufika kabla ya muziki. Kuwahi ni kosa sawa na kuchelewa.
> - Kumkumbatia au kumsukuma aliyepotea. Mkono ulionyooshwa unatosha kumwelekeza.
> - Kuvuka uwanja na bilauri. Tone moja sakafuni linaweza kuvunja mguu wa mtu.
> - Kurekodi kwa simu ukiwa ndani ya kundi.
> - Kulazimisha madansi yote. Aliyecheza manne vizuri na kutazama mawili hubaki na pumzi hadi mwisho.

Mkoba wa jioni

- Kadi ya mwaliko au tiketi, na kitambulisho
- Viatu vya kuchezea, tofauti na vya kutembelea
- Shati au blauzi ya pili, leso mbili, dawa ya kwapa
- Pini, sindano na uzi wa rangi ya vazi
- Plasta za malengelenge
- Chupa ya maji
- Karatasi yenye majina ya madansi sita na mstari mmoja mmoja wa kukumbusha

Mwishoni wote hutoka mezani na kufanya duara moja kubwa kwa wimbo wa *Auld Lang Syne*, ambao Burns aliuandika mwaka 1788. Watu hushikana mikono kwa kawaida, mkono wa kulia kwa jirani wa kulia na wa kushoto kwa wa kushoto. Mikono hupishanishwa kifuani ubeti wa mwisho unapoanza, na si kabla; wageni wengi huipishanisha tangu mwanzo, lakini kosa la jirani halimzuii mtu kusubiri. Wimbo ukiisha muziki umefungwa. Mgeni humwaga mwenyeji wake na kuishukuru bendi, ambayo imefanya kazi kuliko mtu yeyote usiku huo, kisha hupanda usafiri aliokuwa ameupanga tangu mchana. Ujumbe mfupi wa shukrani kwa mwenyeji hutumwa kesho yake.